Msuguano na Upepo Katika Michezo ya Watoto Wetu

Mwanzoni mwa masika, kijana mmoja wa madrasa yetu hapa Kighare aliteleza katika mbio za jioni, akavunjika mkono. Wapo waliosema kwamba alikosa umakini. Lakini tulipovigeuza viatu vyake, tuliona soli zimelika hadi kuwa laini kama kigae. Kosa halikuwa la mtoto. Lilikuwa letu sisi wazazi na walezi.

Msuguano ni nguvu inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze. Mkimbiaji huisukuma ardhi nyuma, na kwa msaada wa msuguano ardhi humsukuma mbele. Udongo wetu mwekundu ukilowa, tope hukaa kati ya soli na ardhi, msuguano hupungua, na mteremko wa milima ya Upare huongeza hatari. Soli yenye meno hupenya tope hilo na kushika ardhi ngumu iliyo chini yake.

Nguvu ya pili ni ukinzani wa hewa. Hewa haionekani, lakini kasi ikiongezeka maradufu, ukinzani wake huongezeka mara nne. Ndiyo maana anayetangulia hutumia nguvu nyingi kuliko anayemfuata mgongoni. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Mtanzania mwenzetu Filbert Bayi alishika uongozi tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500. Aliikabili hewa bila kinga hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker alimkaribia, wala hakumpata.

Mkenya Eliud Kipchoge alifuata njia nyingine. Mjini Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, wakimbiaji wenzake walipokezana kumkinga upepo, akamaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Kwa sababu ya kupokezana huko, haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kuumaliza mwendo huo chini ya saa 2 kabla yake.

Ndugu wasomaji, watoto wetu hawahitaji wasindikizaji wa namna hiyo. Wanahitaji tuvigeuze viatu vyao kabla ya mbio na kuzitazama soli. Zikiwa zimelika, visiingie uwanjani. Na mvua ikinyesha, mbio ziahirishwe.

Mkono wa kijana wetu unaendelea kupona, alhamdulillahi. Siku atakaporudi uwanjani, atavikuta viatu vyenye meno vikimsubiri.