Majitaka ya Kiwanda cha Samaki: Pesa Ianzie Wapi?

Mwenye kiwanda cha minofu ya sangara, awe Mwanza au Kisumu, akiambiwa majitaka yake yamezidi kiwango, hukimbilia kuulizia bei ya mtambo. Ningemshauri asubiri. Mtambo huuzwa kwa ukubwa, na ukubwa huo hutokana na maji na uchafu anaoumwagia yeye mwenyewe.

Aanze na ndoo ya lita 20 na saa. Mpira wa sakafuni ukiijaza kwa dakika moja, ukiachwa wazi zamu nzima ya saa nane unamwaga lita 9,600, karibu uniti 10 kwenye bili. Kichwa cha kubonyeza, kinachojifunga mkono ukiachia, ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote nitakavyotaja hapa. Huchakaa upesi, kwa hiyo vya akiba viwepo stoo. Mwongozo wa UNEP wa mwaka 2000 unataja mita za ujazo 5 hadi 11 kwa kila tani ya samaki katika kazi ya minofu. Aliyevuka hapo ana pa kupunguza.

Damu na utumbo ndiyo mzigo wenyewe. Mfanyakazi akiusukuma utumbo kwa maji mpaka kwenye mfereji, unasagika njiani, mafuta na damu vinayeyuka, na chujio haliwezi tena kuvikamata. Raba ya kusukumia, koleo la plastiki na kreti vinauokota ungali mzima, na watengenezaji wa chakula cha mifugo huununua. Baada ya kuokota, suuza kwa maji baridi kwanza: maji ya moto huipika damu ikagandamana na meza, na hapo utatumia maji maradufu kuibandua.

Kuna mahali pasipofaa kubana. Maji yanayogusa minofu lazima yawe safi na salama kunywa. Yaliyokwisha kutumika yaishie kwenye sakafu ya kupokelea samaki, yasirudi mezani wala kwenye visu.

Chujio na shimo la kunasa mafuta havitoshi peke yake. Kenya na Tanzania zinataka maji yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, yaani oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu uliomo. Mabwawa yana gharama ndogo ya kuendesha, ila yanakula ardhi, na ardhi ya kando ya ziwa ni ghali. Mtambo wa viputo vya hewa, unaoelesha mafuta juu, unaenea kwenye kona, lakini kila siku unadai umeme, dawa na fundi. Mwenye eneo namshauri achimbe mabwawa.

Akiomba bei, ampe muuzaji vipimo vilivyochukuliwa baada ya mabadiliko hayo, na amuulize tope litapelekwa wapi na nani atalilipia gari.