Deni Dogo: Kupatanisha Watu Mbele ya Kufika Tribunali

Yule atakayepewa parokia katika Goma hatakaa juma mbili bila kuona watu wawili wakisimama mlangoni pake, mmoja na hasira, mwingine na haya. Maneno yao ni ya feza. Si feza nyingi: dola 60, dola 100, pengine 200. Lakini kwa mwenye kuishi kwa kazi ya kila siku, dola 100 ni ada ya shule ya watoto.

Tufikiri mfano. Mama mmoja anauza maharagi sokoni Virunga. Amemkopesha mwenye chukudu dola 120, apate kutengeneza chukudu yake, naye ameahidi kuzirudisha kwa miezi mitatu. Hawakuandika kitu, kwani wote wawili ni wa shirika moja na wanasali pamoja. Miezi mitatu yapita, sita yapita. Mama anamwona barabarani, chukudu imejaa mifuko ya makala. Jirani anamwambia: «Mpeleke polisi, atatapika feza.»

Hapo ndipo maneno yanapoharibika. Polisi hawana kazi ya kulipisha madeni. Basi, ili mtu akamatwe, inafaa deni liitwe kosa jingine: kuvunja amana, au udanganyifu. Yafaa mkatekista ajue tofauti yake. Anayevunja amana ni yule aliyepewa kitu akitunze, ao akifanyie kazi fulani, naye akakiuza ao akakila. Mdanganyifu ni yule aliyepata feza kwa jina la uongo ao kwa hila. Lakini aliyekopa feza, feza hizo zimekuwa zake. Anadaiwa kurudisha kiasi kilekile. Akikawia, ana deni, hana kosa la kufungwa. Tena inchi yetu iliingia mwaka 1976 katika mapatano ya mataifa ya 1966, ambayo sharti lake la 11 linakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano ya feza. Na tuseme wazi: mtu aliye katika buloko hasukumi chukudu. Jamaa yake inauza sufuria apate kutoka, na mara nyingi feza hizo hazifiki kwa mama wa maharagi.

Njia ya haki ni tribunali ya amani. Kwa sheria ya 11 Aprili 2013, tribunali hiyo inakata maneno ya mali isiyopita franka 2.500.000. Wakati ule hesabu hiyo ilipita dola 2.500, tangu pale franka imeshuka sana. Lakini kufika huko kunaomba feza ya karatasi, siku nyingi za kungoja, na pengine avoka. Na tuliona mambo ya Januari 2025: M23 walipoingia Goma, tribunali za serikali zilisimama na banki zikafunga milango. Madeni hayakufungwa pamoja nazo.

Basi tufanye nini? Paulo aliwagombeza Wakorinto waliokimbilia waamuzi wa inje kwa mambo ya dunia, na kanuni 1446 ya Eklezia inawaomba waamini wote, maaskofu wa kwanza, kuepusha mashitaka kati ya watu. Lakini kupatanisha si kuwaambia «sameheaneni» na kuwarudisha nyumbani. Usikie kila mmoja peke yake kwanza. Utaona kwamba mara nyingi hakuna anayekana deni; wanabishana juu ya hesabu. Mama anahesabu faida. Mwenye chukudu anahesabu mizigo mitano aliyomchukulia bila malipo. Hakuna aliyemwambia mwenzake hesabu yake, na kila mmoja anamwona mwenzake mwizi. Ukiziweka hesabu zote mbili juu ya meza moja, nusu ya kazi imekwisha.

Kisha waandike. Sheria yetu ya mapatano, iliyo ya 30 Julai 1888, inataka mapatano ya kumaliza ugomvi yawe kwa maandiko. Karatasi iseme majina, deni lililokubaliwa, ni dola ao franka, siku na pahali pa kulipa, na kwamba akishindwa mara mbili, deni lote lililobaki litalipwa mara moja. Tarehe, sahihi za wote wawili, washahidi wawili, na kila mmoja apate karatasi yake. Asiyejua kusoma asomewe kwa luga yake mbele ya kuweka kidole. Mimi nilipokuwa padri kijana niliandika karatasi nzuri sana, nikasahau kuandika kama ni dola ao franka. Ugomvi ulirudi na nguvu kupita wa kwanza.

Neno jingine juu ya mapadri. Watu watakuomba: «Padri, uweke sahihi, wewe uwe mdhamini.» Usifanye. Kanuni 285 inamkataza padri kuwa mdhamini wa deni bila kuuliza askofu wake, hata kwa mali yake mwenyewe. Uwe shahidi, hiyo yatosha. Na kwa desturi mshahidi mzuri kupita padri ni mzee wa soko anayewaona wote wawili kila siku.

Wala si kila jambo linapatanishwa. Mtoto ao mwanamke akinajisiwa, jamaa mbili zikitaka kumaliza kwa mbuzi ao kwa ndoa, usikae katika baraza hilo. Ni kosa kubwa, sheria za 20 Julai 2006 zinaliazibu, na kanuni 1715 inakataza mapatano juu ya mambo ya faida ya watu wote. Umsindikize aliyeumizwa hospitalini upesi, mbele ya kupita masaa 72.

Turudi kwa mama wa maharagi. Aliacha faida. Mizigo mitano ilihesabiwa dola 15, deni likabaki 105. Mwenye chukudu alisema anaweza dola 5 kila juma. Mzee wa soko, aliyejua bei ya makala, alicheka akasema aandike 3. Wakaandika 3, kila Jumamosi, soko likiisha, pale pale penye meza ya maharagi: Jumamosi 35.