Kupiga Picha Ndege Kona Baridi: Kamera, Upepo na Suala la Majina

Katika Kiswahili, kitenzi "piga" hutumika kwa mshale, kwa bunduki na kwa kamera. Hapa Kajiado matumizi hayo yana mantiki yake. Kabla ya kamera kuenea, vijana wa Kimaasai waliotahiriwa, wakiwa katika mavazi yao meusi, waliwinda ndege wadogo kwa upinde na mishale butu, kisha wakapamba taji zao kwa ngozi za ndege hao. Kijana wa namna hiyo alilazimika kujua ndege hulala wapi, huamka lini na akishtuliwa hukimbilia kichaka gani. Mpiga picha wa ridhaa anahitaji maarifa yayo hayo. Makala haya yanakusudia kueleza namna uraibu huu unavyoendeshwa Kona Baridi, na kwa nini unapaswa kutushughulisha sisi wanafunzi wa Kiswahili.

Kona Baridi ni mahali ambapo barabara ya Magadi, baada ya Kiserian, inaanza kuteremka kuelekea Bonde la Ufa. Upepo unaovuma hapa hugonga miteremko ya vilima vya Ngong ukalazimika kupanda. Ndege wakubwa, yaani tai, mwewe na tumbusi, huutumia upepo huo kuelea bila kupiga mbawa. Kwingineko mpiga picha huinua shingo na kuambulia kivuli cheusi katika anga nyeupe. Hapa, ukisimama ukingoni, ndege hupita usawa wa macho yako, na mara nyingine chini yako, ukamwona mgongo. Fursa hiyo ni adimu, nayo tutairejea.

Vifaa havihitaji kuwa vya kifahari. Lenzi ya milimita 300 au 400 inatosha. Ndege anayeruka hupigwa kwa 1/2000 ya sekunde au kasi inayokaribia hapo, la sivyo mbawa zitakuwa ukungu. Jicho ndilo linalolengwa: picha yenye jicho lililofifia haina uhai hata manyoya yaking'aa vipi. Saa za kazi ni kuanzia macheo hadi saa tatu hivi asubuhi, kwa maana baadaye joto la ardhi huitikisa hewa na picha za mbali hulegea. Gari lililozimwa ni maficho bora kuliko kichaka, kwani ndege humwogopa mtu mwenye miguu kuliko bati. Ama kuhusu wale wanaokata matawi yaliyosetiri kiota ili picha iwe safi, hao wanawafungulia kunguru mlango.

Asiyeweza kufika Kona Baridi asikate tamaa. Katika ua wa nyumba ya kupanga mjini Kitengela, beseni la maji lililowekwa kivulini wakati wa kiangazi huwaleta shore, mnana na kuzumburu, naye chozi hufuata maua ya mshubiri.

Ugumu huanza picha ikishapatikana, mtu anapouliza: huyu ni nani? Chukua mfano wa kwenzi. Kajiado wapo kwenzi wawili wanaofanana mno, wote wenye mgongo wa buluu inayometa na tumbo la rangi ya kutu. Aliyekomaa wa Lamprotornis superbus ana jicho jeupe na ukanda mweupe kifuani; Lamprotornis hildebrandti ana jicho jekundu, na ukanda huo hana. Kwa macho matupu wanaweza kuchanganywa. Picha huwatenganisha mara moja. Kiswahili cha kila siku hakiwatenganishi. Kamusi zetu nazo mara nyingi hutosheka na kusema kwamba fulani ni aina ya ndege, basi. Wenyeji wa pwani waliwapa majina ndege waliowaona, ndipo tukapata membe na sululu. Ndege wa nyanda za bara bado wanasubiri zamu yao. Mdogo anayependa miamba na kingo za barabara, ambaye wageni huja Kona Baridi mahususi kumtafuta, anaitwa Oenanthe schalowi, kwa heshima ya Mjerumani Herman Schalow. Hildebrandt naye alikuwa Mjerumani. Sina ugomvi na Wajerumani hao, ila ingefaa nasi tuwe na letu la kusema.

Suala hili si la msamiati pekee. Mwaka 2021 mradi wa umeme wa upepo wa Kipeto, wenye mitambo 60 na uwezo wa megawati 100, ulianza uzalishaji katika Kajiado. Upepo ule ule unaowabeba tumbusi ndio unaozungusha mapanga ya mitambo. Kwa sababu hiyo mradi huo umeajiri watazamaji ambao, ndege aliye hatarini akikaribia, huagiza mtambo usimamishwe. Tumbusi wawili wa eneo hili, Gyps africanus na Gyps rueppelli, wamewekwa tangu 2015 katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka duniani, hasa kutokana na sumu ambayo baadhi ya wafugaji huitia katika mizoga kwa nia ya kuwaua simba na fisi. Wa kwanza ana mgongo mweupe unaoonekana akikunjua mbawa, na ni kutoka juu, kama pale ukingoni Kona Baridi, ndipo mgongo huo hupigika vizuri. Wa pili ana kingo nyeupe katika manyoya, zinazofanana na magamba, na mdomo wa rangi ya pembe za ndovu.

Picha yenye tarehe na mahali ni ushahidi, na mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013, umekuwa ukikusanya kumbukumbu za watu wa kawaida kuhusu ndege waliowaona na mahali walipowaona. Lakini mfugaji haelimishwi kwa Kilatini. Kwake wote ni "tai", na tai ni wengi. Wikipedia ya Kiswahili imekwisha kuweka orodha ndefu za majina ya spishi, yakiwemo ya kufafanua kama "tumbusi mgongo-mweupe". Baadhi yataishi na mengine yatakufa, na wa kuyapima ni wasemaji wenyewe: mwanafunzi achukue picha, aende mnadani Kiserian au malishoni, amwonyeshe mchungaji, kisha aandike jina atakalolisikia.