Baba ana homa ya ini B. Na watoto je?

Mara nyingi habari huanzia kwenye kuchangia damu. Baba amekwenda kumsaidia ndugu aliyelazwa, hajisikii kuumwa hata kidogo, migomba yake analima kama kawaida, kisha anaambiwa damu yake ina virusi vya homa ya ini B. Iwe Ngara au Biharamulo, akifika nyumbani mama huuliza kwanza watoto.

Ana haki ya kuuliza. Virusi hivi hupita kwenye damu, kwenye kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Anayeambukizwa akiwa mchanga hubaki navyo maisha yote kwa takriban asilimia 90. Mtu mzima, haifiki asilimia 5. Miaka mingi baadaye baadhi yao hupata saratani ya ini. Nayo huja kimyakimya: tumbo likianza kujaa maji, mara nyingi muda wa kuuondoa uvimbe umeshapita.

Ndiyo maana watafiti wanahangaikia maikroRNA, vipande vidogo mno vinavyoongoza kazi za seli. Ugunduzi wake uliwapa Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Seli za ini zina kwa wingi kimoja kiitwacho miR-122; zikiumia, huvujia kwenye damu. Mwaka 2011 watafiti wa China waliochunguza watu 934 walionyesha kuwa maikroRNA saba zikipimwa pamoja zinaweza kutambua saratani ya ini itokanayo na virusi hivi. Ugumu ni kwamba miR-122 hupanda hata ini likiwa limevimba tu, bila saratani. Kwa hiyo kipimo cha miR-122 peke yake hakitoshi. Anayekiuza mtaani leo, mwogopeni.

Kilichopo kwa wenye hatari kubwa ni ultrasaundi ya ini kila miezi 6, pamoja na kipimo cha damu cha AFP.

Kwa watoto, fungueni kadi ya kliniki. Chanjo hii ilianza kutolewa kwa watoto wote nchini mwaka 2002, na hutolewa wiki ya 6, 10 na 14. Wazazi wengi walizaliwa kabla ya hapo, hawakuipata. Wao ndio wapime. Mjamzito amwambie mkunga mapema.

Wembe na mswaki kila mtu awe na wake. Sahani ya ugali msitenganishe, haiambukizi.