Theluji Yetu ni Kiangazi: Hesabu Tatu za Boma Jipya



Ukisimama upande wa Kibwezi asubuhi isiyo na mawingu, waweza kuiona theluji ya Kilimanjaro iking'aa ng'ambo ya mpaka. Wengi wetu huitazama kwa kustaajabu tu, kisha tukaendelea na safari. Lakini yafaa pia kuwafikiria wakulima wanaoishi katika milima ya theluji, kama ile ya Uswisi. Wakati wa baridi malisho yao hufunikwa kwa miezi mingi, na ng'ombe hukaa zizini. Siku hizo mkulima hawezi kutoka kwenda kutafuta nyasi. Alikwisha kuzikata jua likiwaka, akazikausha na kuziweka darini. Kuni zake zilipasuliwa mapema, na chakula chake ki ghalani.

Sisi wa Kitui na Makueni hatuna theluji mlangoni. Hata hivyo tunayo majira yanayofanana nayo kwa jambo moja: tangu Juni mpaka katikati ya Oktoba ardhi yetu haioti kitu. Tena mvua za Machi zikikosa, kiangazi hurefuka bila kutuaga. Kwa hiyo yatupasa kujiandaa zaidi kuliko watu wa theluji.

WALIOTUTANGULIA

Katika miaka ya 1940 sehemu kubwa ya Makueni ilikuwa pori la mbung'o na faru. Kati ya 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter alitumwa kuwaua faru ili pori lifyekwe, na inasemekana aliua karibu 1,000. Ndipo serikali ya kikoloni ikafungua mpango wa makazi. Watu wengi walisita kuhamia, wala hatuwezi kuwalaumu. Mwaka 1938 Wakamba walikuwa wamechukuliwa ng'ombe wao kwa nguvu, hata Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu kwenda Nairobi kulalamika. Mtu aliyeyaona hayo haamini upesi ardhi anayopewa kwa masharti.

Waliohamia walipata shamba, lakini hawakupata mto nyuma ya nyumba wala ghala lililojaa. Hali ni hiyo hiyo kwako wewe uliyepata shamba katika mpango wa makazi. Kupewa namba ya shamba ni kazi ya siku moja. Kuligeuza shamba liwe boma ni kazi ya miaka. Basi chukua kalamu na karatasi, tufanye hesabu tatu pamoja.

HESABU YA KWANZA: MAJI

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja ya maji. Paa la bati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6 lina mita za mraba 60. Mvua za Machi hadi Mei zikileta milimita 200, paa hilo litapokea lita 12,000. Toa yale yanayoruka na kumwagika, zihesabu lita 10,000.

Watu sita wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, jumla ni lita 120. Gawanya: maji hayo yatatosha siku 83. Tangu mwanzo wa Juni hiyo ni hadi karibu mwisho wa Agosti. Septemba na nusu ya Oktoba hazimo. Ni heri kulijua jambo hilo mwezi Mei kuliko kuligundua Septemba. Punguza matumizi mapema, au ongeza paa na tangi. Tangi la lita 2,000 chini ya paa hilo litajaa upesi, na maji mengine yote yatapotea.

Siku zilizobaki ni kazi ya jirani na jirani. Huko Kitui, tangu miaka ya 1990, vikundi vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta husimamishwa juu ya mwamba katika mto wa msimu, mafuriko yakaleta mchanga, na maji yakajificha ndani yake mahali ambapo jua haliyafikii kwa urahisi. Mtu mmoja hawezi kujenga ukuta wa namna hiyo. Mwethya waweza.

HESABU YA PILI: CHAKULA

Mtu hula kama nusu kilo ya nafaka kwa siku. Watu sita hula kilo 3, yaani kilo 90 kwa mwezi. Hilo ni gunia moja. Kumbuka kwamba kwetu mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo za kutegemewa zaidi. Mavuno ya Februari yanaweza kulazimika kukulisha mpaka Februari nyingine. Ni magunia 12, ukihesabu mahindi, mtama, mawele, ndengu, kunde na mbaazi pamoja. Usiuze hata debe moja kabla ya kuyahesabu hayo. Anayeuza Februari watu wote wanapouza hupata bei ya chini, na anayenunua Septemba hulipa bei ya juu.

Lakini kuweka akiba vibaya ni hatari kuliko kutoweka. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sababu ya mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Mahindi mengi yalikuwa ya watu wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na wengine waliyaweka ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Anika nafaka juu ya turubai, usianike juu ya udongo mtupu. Kisha ipime hivi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi cha theluthi moja na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, uiache robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi hayajakauka, yarudishe juani. Chumvi isiponata, yatie katika magunia safi na kuyapanga juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yaliyoota ukungu usiwape kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu hupita katika maziwa na kurudi kwa watoto wako.

HESABU YA TATU: NYASI

Ng'ombe wa kienyeji mwenye kilo 250 hula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku. Kwa siku 100 ni kilo 600. Robota moja likiwa na kilo 15, ng'ombe mmoja anahitaji marobota 40. Mwenye ng'ombe watano anahitaji 200. Ikiwa huwezi kuyapata, uza ng'ombe mmoja au wawili mwezi Juni wangali wanono, uwape waliobaki nafasi ya kuishi. Ng'ombe aliyeuzwa amekonda Oktoba hanunui hata chakula cha mwezi mmoja.

Nyasi za kwetu hustahimili ukavu: mbeetwa na ndata kivumbu. Zipande juu ya matuta ya fanya juu. Unapochimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, unapata faida tatu kwa jembe moja: udongo haukimbii, maji huzama shambani, na tuta hukupa malisho ya kukata. Zikate zinapoanza kutoa maua, kabla hazijakauka na kuwa vijiti.

Ndugu mkulima, andika hesabu hizi tatu kwa idadi ya watu na mifugo wa boma lako, si wa boma la jirani. Kaa na mkeo au mumeo mzisome pamoja, kwani anayechota maji na anayefungua ghala ndiye anayejua kilichobaki. Palipo na upungufu, pelekeni karatasi hiyo kwa Bwana Shamba au Bibi Shamba wa eneo lenu kabla ya mwezi wa Juni, wakati bado kuna la kufanya.