Kuongezewa Njia Wakati wa Kuzaa: Ni Haja au Mazoea?

Katika nyumba zetu za Tegeta, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, mke kijana mwenye mimba ya kwanza hupewa mashauri mengi kabla ya siku yake kufika. Mama mkwe humwambia hili, somo wake humwambia lile, na kliniki humwandikia tarehe katika kadi. Lakini liko jambo moja ambalo mara nyingi halitajwi mpaka awe kitandani na uchungu wake: kwamba huenda akaongezewa njia. Mumewe naye hulijua baadaye kabisa, amwonapo mkewe amerudi nyumbani na hawezi kuketi vyema.

Sababu ya kimya hiki ni haya. Haya ni pambo la Muislamu, lakini Bibi Aisha r.a. aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza na kuelimika. Basi twaona yatupasa tulieleze jambo hili kwa adabu, baba na mama wapate kulijua pamoja.

Kuongezewa njia ni mkato ambao mkunga au daktari huufanya katika msamba, yaani nyama iliyo baina ya tupu ya mbele na ya nyuma, kichwa cha mtoto kinapokaribia kutoka. Baada ya kuzaa, mkato huo hushonwa. Si jambo geni. Fielding Ould, tabibu wa Dublin, aliliandika mwaka 1742 kwa ajili ya uzazi ulioshindikana. Lakini mwaka 1920 Joseph DeLee wa Chicago alishauri kuwa wanawake wanaozaa mara ya kwanza wakatwe, akidhani kwamba mkato ulionyooka humlinda mama kuliko mpasuko unaokuja wenyewe. Rai hiyo ikaenea, na katika hospitali nyingi za dunia kilichokuwa dawa ya dharura kikawa mazoea.

Je, rai hiyo ilikuwa sahihi? Huko Argentina, madaktari wa hospitali 8 waliwachunguza wanawake 2,606, na matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Kundi moja lilikatwa kwa mazoea, na jingine likakatwa pale tu haja ilipoonekana. Katika kundi la kwanza walikatwa wapata 83 kwa kila 100. Katika la pili, 30 tu. Ilionekana kwamba mkato wa mazoea haukupunguza mipasuko mikubwa. Bali wale waliokatwa kwa haja tu walikuwa na maumivu machache, na majeraha yao yalipona kwa usalama zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likatoa shauri kwamba mwanamke anayezaa kwa njia ya kawaida asikatwe kwa mazoea. Na akikatwa, yapasa apewe sindano ya ganzi, na ridhaa yake iombwe kwanza.

Wala tusivuke mpaka upande wa pili. Ikiwa mapigo ya moyo wa mtoto yamedhoofika na kichwa kimefika mlangoni, au mtoto hana budi kuvutwa kwa chombo, mkato mdogo waweza kuokoa uhai. Kuukataa wakati huo kwa sababu ya maneno ya jirani ni kumdhulumu mtoto. Na wala hofu ya mkasi isimfanye mama akimbie hospitali akazalie nyumbani, mahali ambapo damu ikitoka nyingi hapana wa kuizuia.

Basi dawa ni kuuliza mapema. Mama akiwa kliniki, na amwulize mkunga: Mnaongeza njia wakati gani? Mtaniambia kwanza? Nitapata ganzi? Tena ajue kwamba kutosukuma kabla ya wakati, kuwekewa kitambaa cha maji ya uvuguvugu msambani, na mkunga kuukinga msamba kwa mkono wake, ni mambo yanayosaidia kupunguza mipasuko mikubwa. Kuuliza kwa upole si utovu wa heshima. Mkunga mwema hufurahi kuulizwa.

Akisharudi nyumbani, mzazi atunzwe. Jeraha lisafishwe kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma, na likaushwe kwa kitambaa safi. Wazee wetu wanaomkanda mzazi wana nia njema, lakini maji ya moto sana yasimwagwe juu ya mshono, wala lisitiwe majani wala mafuta yoyote. Mzazi ale mboga na matunda na anywe maji mengi, asipate choo kigumu. Akiona usaha, harufu mbaya, homa, au mshono umefumuka, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Na sasa twasema nanyi, akina baba. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu wa pwani twayafuata, nifasi aghalabu huwa siku 40, na ukomo wake ni siku 60. Baadhi ya waume huihesabu siku ya 40 kama deni lililoiva. Lakini kuoga janaba ya nifasi kwahalalisha tendo; hakuponyeshi jeraha. Mke akisema bado yauma, yauma kweli, na dini yetu imekataza kudhuru. Mvumilie, mbebee mtoto usiku, na maumivu yakiendelea mpeleke kwa daktari, usimwache anyamaze.

Qurani Tukufu, katika Sura ya Luqman, imetukumbusha taabu ya mama aliyetubeba. Wema tunaoamrishwa kumfanyia mama zetu, tuuanze kwa mama wa watoto wetu. Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi wetu wote salama na afya. Amin.