Wakili Wako, Si wa Dalali

Dalali wa nyumba mjini Mombasa huja na picha kwenye simu, bei anayoapa kuwa ni ya mwisho, na wakili. "Wakili wetu yuko, usijisumbue, makaratasi yote yako kwake." Mnunuzi husikia hivyo akashusha pumzi, akaona ametuliwa mzigo. Mimi nikisikia hivyo huuliza swali moja tu: huyo wakili akigundua kasoro kwenye hati, nani atakayeambiwa kwanza?

Wakili anayepata kazi zake kwa dalali anajua kwamba siku akikwamisha biashara mbili tatu, simu ya dalali haitalia tena. Si lazima awe mwizi. Anaweza kuwa mtu mwadilifu aliyeingiwa na uvivu wa kuchimba, kwa sababu kila mtu mezani anataka mambo yaende haraka, na wewe ndiye mgeni pekee. Ndiyo maana nasema wakili umtafute mwenyewe, kabla hujatoa hata shilingi ya kushikilia nyumba, na awe wako peke yako. Ni desturi kwa mauzo madogo muuzaji na mnunuzi kuchangia wakili mmoja ili kupunguza gharama. Mkataba wa mauzo, hata hivyo, ni mahali pa kuvutana: nani atalipa malimbikizo ya reti za kaunti, mpangaji aliye ndani atatoka lini, mnunuzi akichelewa na salio atozwe nini. Mtu mmoja hawezi kuwatetea wawili katika hayo bila mmoja wao kupunjwa, na kwa kawaida hupunjwa yule asiyejua kuuliza.

Unapokwenda kumwona wakili kwa mara ya kwanza, usianze na bei. Muulize atarudi nyuma hadi wapi katika historia ya ile ardhi. Jibu lake litakuonyesha kama umefika au uendelee kutafuta.

Zamani jibu la "nitafanya sachi", yaani kukagua daftari la ardhi la serikali, lilitosha. Tangu tarehe 21 Aprili 2023 halitoshi. Siku hiyo Mahakama ya Juu ilitoa hukumu katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti yenyewe iko ufukweni Nyali. Mwaka 1989 iligawiwa Daniel arap Moi, aliyekuwa Rais wakati huo. Ikauzwa kwa kampuni moja, na kutoka hapo ikafika mikononi mwa Dina. Kampuni ilikuwa na hati, na jina lake lilikuwa kwenye daftari la serikali. Mwaka 2017 kaunti ikabomoa ukuta, ikisema pale palikuwa mahali pa wazi pa umma penye njia ya kwenda baharini. Kampuni ikashtaki na kushindwa katika Mahakama ya Ardhi na Mazingira, ikashindwa tena katika Mahakama ya Rufaa, na Mahakama ya Juu ikafunga mlango. Majaji walisema ugavi wa mwanzo haukufuata sheria, kwa hiyo hapakuwa na hati halali ya kumpa mtu yeyote aliyefuata. Kwamba mnunuzi wa mwisho alilipa pesa zake kwa nia njema hakukumwokoa. Katiba yenyewe, ibara ya 40(6), inasema ulinzi wa mali haufiki kwenye mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Septemba 2023, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyo ilisema barua ya ugavi si hati. Ni ahadi tu ya serikali kukupa ardhi endapo utatimiza masharti, na mwenye barua hana ardhi ya kuuza. Hata hivyo bado utamkuta mtu anayeuza "ploti yenye alotment" mchana kweupe, na wakili akiandika mkataba wake.

Kwa hiyo wakili anayestahili pesa yako hasomi jina la mwenye nyumba wa leo akaishia hapo. Cheti cha sachi kina sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe: namba yake, ukubwa wake, na kama ni milki ya moja kwa moja au ya kukodi kwa miaka kadhaa. Sehemu B inamtaja mwenyewe. Sehemu C ndiyo inayoficha maradhi: rehani ya benki, zuio ambalo wengi huliita kaveti, amri ya mahakama. Karani mzembe huruka hadi C, akiikuta tupu hutangaza kwamba "sachi ni safi". Wakili makini hurudi A. Ataona kipindi cha kukodi kimebaki miaka kumi na miwili na atakuuliza kama unajua hilo. Ataona ukubwa wa ardhi haulingani na ramani ya upimaji, naye atamtuma mpimaji akatafute bikoni ardhini. Kisha ataomba jalada lenyewe la masjala, aone ingizo la kwanza kabisa: ardhi hii ilitoka wapi, kwa barua gani, ilipimwa na nani, na kama kabla ya hapo iliwahi kuwa uwanja wa shule, hifadhi ya barabara au ardhi ya manispaa. Huko Nairobi mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021 umerahisisha sachi yenyewe, nao umekuwa ukienea kaunti nyingine. Haujaondoa haja ya kufungua majalada.

Pwani ina mambo yake, na hapa wakili hodari wa Nairobi anaweza kujikwaa. Majengo, Kisauni na Likoni zimejaa nyumba ambazo mwenye kuta si mwenye ardhi. Nyumba ni ya Bwana Fulani, ardhi ni ya ukoo mwingine, na kila mwezi ajenti wa mwenye ardhi hupita kukusanya kodi ya kiwanja. Nyumba hizi huuzwa kila siku, na watu wamelea watoto na wajukuu ndani yake. Lakini unachonunua hapo ni kuta na paa pamoja na ridhaa ya mwenye ardhi kuendelea kukuvumilia. Hakuna hati ya ardhi itakayobadilishwa jina. Wakili anayejua mji ataomba stakabadhi za kodi ya kiwanja za miaka iliyopita, atataka ridhaa ya maandishi ya mwenye ardhi, na atakwambia waziwazi kwamba siku ardhi ikiuzwa kwa mwekezaji unaweza kujikuta mahakamani. Asiyeujua mji ataandika mkataba mzuri wa kurasa kumi, wenye mihuri yote, unaokuuzia kisichoweza kusajiliwa.

Halafu kuna nyumba ya marehemu. Hati ina jina la babu aliyefariki zamani, na anayeuza ni ami mmoja mwenye maneno matamu. Familia itakuonyesha karatasi ya Kadhi iliyogawa mafungu, na mgao huo unaweza kuwa sahihi kabisa kwa upande wa mirathi. Lakini sheria ya urithi hairuhusu ardhi ya marehemu kuuzwa kabla ya mahakama kumthibitisha msimamizi wa mirathi. Mpaka hapo, ami hana kalamu ya kutia sahihi ya uhamisho, hata warithi wote wakimbariki. Muulize wakili wako amewahi kushughulikia nyumba ngapi za namna hii na zilimalizikaje. Kama jibu ni tabasamu tu, umejibiwa.

Na hata muuzaji akiwa hai na mwenye hati, kama ni nyumba ya ndoa idhini ya mke au mume inatakiwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 ilikusudia kuwalinda watu wanaoamka asubuhi na kukuta nyumba imeuzwa. Wakili asiyetaka kumwona mke, au anayepokea kiapo kwamba muuzaji hajaoa bila kuuliza zaidi, anakuachia wewe hatari hiyo.

Je, huyo unayeketi naye ni wakili kweli? Swali hili si la matusi. Kila wakili Kenya huchukua cheti cha kufanya kazi mwaka baada ya mwaka, na tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, ina mahali pa kutafuta jina na kuona kama cheti kiko hai. Chukua dakika mbili kwenye simu yako. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema, katika kesi ya National Bank dhidi ya Anaj Warehousing, kwamba waraka haubatiliki kwa sababu tu wakili aliyeuandika hakuwa amelipia cheti cha mwaka huo. Hukumu hiyo iliwaokoa watu wengi waliokuwa wameweka rehani kwa nia njema. Haimsaidii aliyeandikiwa mkataba na mtu ambaye hajawahi kuwa wakili, bali ni karani wa zamani aliyebaki na muhuri.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo watu huumia. Masharti ya mauzo ya LSK ya 2015, ambayo mikataba mingi huyafuata, yanaweka malipo ya kwanza kuwa asilimia 10 ya bei, na kama mkataba haukusema vingine, mauzo yakamilike ndani ya siku 90. Ile asilimia 10 inakaa kwa wakili wa muuzaji, katika akaunti ya wateja iliyotengwa na pesa zake mwenyewe, mpaka kazi iishe. Isiende mfukoni mwa muuzaji. Isiende kwa dalali kabisa, hata kwa "siku mbili tu". Salio nalo kwa kawaida hupita kwa ahadi ya kitaaluma: wakili wako, au benki yako, huandika barua akiahidi kulipa pindi uhamisho utakaposajiliwa, na kwa nguvu ya barua hiyo upande wa pili hutoa hati halisi. Ahadi hiyo humfunga wakili yeye mwenyewe. Akiivunja, Mahakama Kuu inaweza kumlazimisha alipe. Ndiyo sababu wakili mwenye hadhi huwa mzito kuitoa kabla pesa zako hazijafika kwake. Usimkasirikie kwa uzito huo. Yule anayeahidi haraka haraka kwa kila mtu ndiye wa kuogopwa.

Ujira wenyewe haupangwi kwa maelewano ya sebuleni. Kiwango cha chini kimewekwa na Amri ya Malipo ya Mawakili iliyorekebishwa mwaka 2014, kikipanda kulingana na bei ya nyumba, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Sheria inamkataza wakili kutoza chini ya hapo. Utaambiwa na rafiki kwamba yuko fulani anayefanya kwa nusu. Yupo, sikatai. Kazi atakayoifanya kwa nusu hiyo ni ile ya sehemu C. Pia usichanganye ujira wa wakili na ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 ya thamani mjini na asilimia 2 mashambani, na huulipa wewe mnunuzi. Kwa nyumba ya milioni 10 mjini, hiyo ni laki nne kabla hujafikiria mapazia. Omba hesabu yote kwa maandishi siku ya kwanza, ujira upande mmoja na gharama za serikali upande mwingine.

Muuzaji naye hudhani hahitaji wakili kwa kuwa yeye ndiye anayepokea. Faida ya mauzo hutozwa kodi ya asilimia 15 tangu Januari 2023. Zamani ilikuwa 5. Wakili aliye macho atakuuliza kama umeishi katika nyumba hiyo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza, kwa maana nyumba ya namna hiyo ina msamaha. Kama huna msamaha, atakutuma utafute stakabadhi za ujenzi, za saruji, mabati na fundi, kwa sababu gharama hizo hupunguza faida inayotozwa kodi. Watu wametupa makaratasi yenye thamani ya mamilioni wakifagia stoo.

Limebaki kundi moja ambalo nalifikiria sana: ndugu zetu walio Doha, Muscat na Jeddah, wanaotuma pesa nyumbani ili wanunuliwe nyumba. Kaka hupewa mamlaka ya uwakilishi, kaka ndiye anayemjua wakili, na kaka ndiye anayepokea habari. Sina neno juu ya kaka. Lakini mteja ni mwenye pesa. Mamlaka iandikwe kwa nyumba moja na bei isiyozidi kiasi fulani, itajwe ni ya kununua wala si ya kuuza, na isajiliwe. Mwagize wakili, kwa barua pepe yako mwenyewe, kwamba nakala ya sachi, ya mkataba na ya ushahidi wa malipo ya stempu itumwe kwako kabla kaka hajatia sahihi. Hati ikishatoka kwa jina lako, mlipe wakili wako afanye sachi nyingine moja, akutumie, uisome sehemu B kwa macho yako, kisha ndipo mfunge jalada.